Kwa Nini Tuagize Ng'ambo Kilicho Jirani?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu



Naomba nafasi katika gazeti letu ili nami nitoe mawazo yangu juu ya jambo ambalo limesemwa sana muhula huu, mabwenini na hata katika mkutano wa wazazi, yaani kompyuta za shule. Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja aliandika kwamba kompyuta zile zinakula bando kuliko sisi tunavyokula ugali, na kwamba afadhali zisisasishwe tena kabisa. Wazazi wengi wameliunga mkono shauri hilo, na nasikia Bodi ya Shule italijadili kabla hatujafunga. Mimi nalipinga. Lakini kabla sijalipinga yanipasa kukiri jambo moja, maana wasomaji wengi wanalijua tayari na wangeshangaa kama ningelinyamazia: aliyemaliza lile bando la mwezi wa pili ni mimi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kompyuta zetu ni 18. Tulizipata kwa msaada, zikiwa zimetumika Uingereza, nazo zinatumia mfumo endeshi uitwao Ubuntu, toleo la 20.04, ambao hauuzwi bali hutolewa bure. Kwa ajili ya wazazi ambao hawajapata kuambiwa, mfumo endeshi ni ile programu mama inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa, na kuziongoza programu nyingine zote. Bila huo kompyuta ni sanduku tu. Toleo la 20.04 lilitoka Aprili 2020, na watengenezaji wake walisema tangu mwanzo kwamba watalitunza kwa miaka mitano. Miaka hiyo ikaisha, na utunzaji wa kawaida ukakoma Mei 2025. Mimi, kwa kuwa ni katibu wa chama cha kompyuta, nikaona ni wajibu wangu kuzihamisha mashine zote ziende toleo la mbele. Ijumaa moja saa kumi jioni nikaziwasha zote 18, nikaziamuru zote pamoja zianze kupakua toleo la 22.04, nikafunga mlango, nikaenda zangu kula, nikijisifu moyoni kwamba Jumatatu watu watashangaa.

Watu walishangaa kweli. Kila mashine ilihitaji kama gigabaiti 1.5. Zidisha kwa 18, utapata gigabaiti 27. Bando la shule la mwezi mzima lilikuwa gigabaiti 20. Sikufanya hesabu hiyo, ingawa katika somo la hisabati si mtu wa mwisho. Saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi bando likakatika, na hapakuwa na hata mashine moja iliyokuwa imemaliza. Jumatatu ofisi ya taaluma ilitaka kupeleka taarifa za watahiniwa wa Kidato cha Nne, intaneti hakuna, na siku ya mwisho ilikuwa ni hiyohiyo. Mwalimu mmoja akapanda bodaboda mpaka mjini katika mvua, akalipa nauli na gharama za huko kwa fedha yake mwenyewe, akarudi usiku. Hakuniambia neno. Afadhali angenigombeza. Adhabu ya kufyeka majani kwa wiki mbili niliimaliza nikaisahau, lakini koti lake lile lililolowa sijalisahau.

Tangu siku ile neno "kusasisha" limekuwa kama tusi hapa shuleni. Walakini mtu akijikata kwa jembe hatusemi kilimo kiachwe. Kosa langu lilikuwa kubwa, nalo lilikuwa kosa la namna ya kuagiza mzigo, wala si kosa la kuuagiza.

Wanaotaka tuache kabisa wanasema ati kompyuta inayofanya kazi leo itafanya kazi na kesho. Hilo lingekuwa kweli kama kompyuta zetu zisingefika kwenye intaneti. Programu zote zina matundu, kwa kuwa zimeandikwa na binadamu. Watengenezaji wakigundua tundu hutoa kiraka, na kiraka kikishatoka, wezi nao hujua tundu lilipo. Tarehe 12 Mei 2017 ulizuka ugonjwa wa kompyuta uitwao WannaCry, ukafunga mafaili ya watu na kudai fedha ndipo uyafungue. Kwa siku chache ulifika katika nchi zaidi ya 150, na huko Uingereza hospitali za serikali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Ugonjwa ule ulipita katika tundu la mfumo wa Windows, si huu wetu, lakini jambo la kuangalia ni hili: kiraka cha tundu lile kilikuwa kimekwisha tolewa Machi 2017, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Na katika kompyuta zetu mna nini? Katika mbili zinazotumiwa na ofisi mna alama zetu za mitihani, mna na majina na namba za simu za wazazi wetu. Mzazi anayeshauri zisisasishwe na ajue kwamba mlango unaoachwa wazi ni wake pia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Nilipomaliza adhabu, Mwalimu wa kompyuta aliniita chumbani. Nilidhani ataninyang'anya ukatibu. Badala yake akavuta kiti akaniambia, "Kijana, kaa hapa. Kabla hujaagiza mzigo tena, niambie kwanza ulikuwa unauagiza wapi." Sikujua, wala sikuwa nimepata kujiuliza. Alifungua faili dogo ambamo kompyuta huweka anwani ya ghala lake, na mbele ya anwani pale palikuwa na herufi mbili, gb. Hizo ni herufi za Uingereza. Yaani mashine zile zilivuka bahari, zikapandishwa lori mpaka huku kwetu Kigoma, tukazipokea kwa ngoma na hotuba, tukaziandika namba za shule kwa rangi nyeupe, na muda wote huo zilikuwa bado zinaagiza kila kitu katika ghala la wenyewe wa kwanza. Hakuna aliyezibadilishia anwani. Ni sawasawa na mtu wa Kasulu kuagiza chumvi Dar es Salaam, na hali Uvinza iko humuhumu mkoani na chumvi yake ilijulikana tangu zamani za misafara.

Yafaa nieleze maghala haya ni kitu gani. Programu zote za Ubuntu zimefungwa katika mafurushi na kuwekwa katika ghala mama. Kisha nakala za ghala hilo huwekwa katika seva nyingi duniani, za vyuo vikuu na za makampuni ya intaneti, ambao hujitolea kuzitunza. Mafurushi ni yaleyale popote utakapoyachukua. Mtu anapoweka Ubuntu mara ya kwanza huulizwa yuko wapi, na kompyuta huandika herufi za nchi ile mbele ya anwani. Basi huzifuata herufi hizo miaka yote mpaka atokee mtu wa kuzibadilisha. Na kama nchi ile haina ghala lililopewa kazi hiyo, herufi zake humrudisha mtu kulekule ghala mama. Kwa hiyo hata kufuta gb na kuandika tz si dawa ya hakika.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza umbali unahusu nini, maana habari hupita katika mkongo kwa mwanga, na mwanga hauchoki. Ni kweli, ndani ya mkongo mwanga huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde moja. Lakini tazameni jinsi biashara yenyewe inavyokwenda. Mfikirieni mfanyabiashara wa dagaa wa Ujiji. Hapeleki magunia yote mara moja kwa mteja ambaye hamjui. Hupeleka machache akangoja risiti; risiti ikirudi huongeza, akangoja tena. Gunia moja likipotea njiani hupunguza, kisha akaanza kupanda polepole. Mteja akiwa Kigoma mjini risiti hurudi kabla ya adhuhuri. Akiwa Dar es Salaam risiti huchukua siku kadhaa, na mfanyabiashara amekaa tu barazani, ingawa barabara ni pana na malori yapo. Ndivyo seva zinavyofanya. Hutuma vipande kadhaa, hungoja kuambiwa vimefika, ndipo zikaongeza. Kutoka kwetu mpaka London ni zaidi ya kilomita 6,500 hata kwa mruko wa ndege, na mkongo hauruki, huzunguka baharini. Tulipopima, habari ilikwenda ghala la Uingereza na kurudi kwa sehemu 190 za elfu moja za sekunde. Ghala moja la Afrika Mashariki lilijibu kwa sehemu 45. Kwa mtu, zote mbili ni kufumba na kufumbua jicho. Lakini gigabaiti 1.5 hukatwa vipande zaidi ya milioni moja, na kila mara vipande vinapongojeana hasara huongezeka. Tena njia ya ng'ambo hugombewa na watu wengi, hasa jioni.

Basi tukajaribu. Tulichukua furushi moja la megabaiti 30, tukalipakua kutoka maghala manne, saa ileile ya usiku, siku tatu mfululizo, kwa bando la simu ya Mwalimu (naye alinikumbusha kila usiku kwamba ni lake). Ghala la Uingereza lilichukua dakika tano. Ghala moja la Afrika Kusini dakika mbili na nusu. Ghala moja la Kenya dakika moja na robo. Ghala la nne, ambalo kwenye ramani ndilo lililokuwa karibu nasi kuliko yote, lilichukua dakika nane na kukatika mara mbili.

Hili la nne lilinisumbua sana, maana nilikuwa nimeshaanza kuwatangazia wenzangu kwamba dawa ni ghala la karibu basi. Kumbe karibu ya ramani si karibu ya mkongo. Kampuni mbili za intaneti zinaweza kuwa katika mji mmoja, lakini kama hazina mahali pa kukutana na kupeana mizigo, mzigo wa mteja wa hii kwenda kwa mteja wa ile utazunguka mpaka Ulaya na kurudi. Kabla ya mwaka 2000 barua pepe kati ya majirani wawili wa Nairobi wenye kampuni mbalimbali ilipanda satelaiti, ikaenda Marekani au Ulaya, ikarudi Nairobi. Novemba 2000 makampuni ya huko yalifungua kituo cha kukutania, kiitwacho KIXP. Shirika la simu lililokuwa na haki ya peke yake likalalamika, kituo kikaamriwa kifungwe baada ya wiki chache tu, na hakikufunguliwa tena mpaka Februari 2002. Nasi Tanzania tuna vituo vya namna hiyo, Dar es Salaam na Arusha. Mimi naona habari ya kituo kile ingefaa kufundishwa darasani, maana watu waligombana juu ya waya mfupi wa chumba kimoja, na waya huo ndio uliookoa safari ya kuvuka bahari mara mbili.

Kwa hiyo neno langu si "chagueni la karibu." Neno langu ni "pimeni." Mwenye Ubuntu nyumbani aweza kupima bila ya ujuzi mwingi: katika dirisha la mipangilio ya programu na masasisho pana mahali pa kuchagua ghala la kupakulia; akifungua orodha ataona nchi na maghala yake, na pembeni pana kitufe cha kuiamuru kompyuta izijaribu seva yenyewe na kupendekeza iliyo bora. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Ijaribuni wakati mnaotumia intaneti kwa kawaida, maana ghala lililo jepesi alfajiri laweza kuwa zito saa mbili usiku.

Kuna hila moja ya kujihadhari nayo. Ghala laweza kuwa la mbio na huku limechelewa. Maghala ya nakala huchota kutoka ghala mama kila baada ya muda, na mengine husinzia. Watengenezaji wa Ubuntu huweka orodha ya maghala yote rasmi, na mbele ya kila moja huandika kama linakwenda na wakati, au limechelewa saa sita, au siku moja, au hata wiki. Lile ghala la nne lilikuwa limechelewa wiki. Ndiyo sababu viraka vya usalama vina anwani yao peke yao, na hiyo hatukuigusa; viraka ni vidogo, tena vinatakiwa siku ileile vinapotoka.

Mzazi mmoja aliniuliza swali jema mkutanoni, nami sikuweza kulijibu vizuri kwa hofu, kwa hiyo nalijibu hapa. Aliuliza kama mwenye ghala la jirani hawezi kutia sumu katika mafurushi. Kutia aweza, lakini kompyuta zetu hazitayapokea. Ghala mama hutoa orodha ya mafurushi yote ikiwa na muhuri wake, na katika orodha hiyo kila furushi limeandikiwa alama yake, kama alama ya kidole cha mtu. Kompyuta hukagua muhuri kwanza, kisha hukagua alama ya kila furushi lililofika. Herufi moja ikigeuzwa ndani ya furushi, alama haitalingana, nalo hukataliwa. Mwenye ghala la nakala hana mhuri ule. Kazi yake ni kubeba tu. Hatari ipo kwa mtu anayechukua programu kwa watu asiowajua, nje ya maghala haya, kwa sababu rafiki amemwambia ni nzuri. Hilo ni jambo jingine, na bwenini kwetu wapo wanaolifanya.

Tena mkumbuke yaliyotokea nilipokuwa Kidato cha Kwanza. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Tanzania nzima na katika nchi jirani kwa siku kadhaa. Siku kama zile anayetegemea ghala la ng'ambo hungojea meli ya mafundi. Mwenye ghala ambalo njia yake haitoki baharini huendelea na kazi.

Wapo waliosema, na hasa wale wenye uwezo, kwamba shida yote itakwisha bando likiwa kubwa zaidi. Nawashukuru kwa moyo wao, lakini bando kubwa halifupishi njia. Ghala linalotupa kilobaiti 100 kwa sekunde litatupa hizohizo hata tukinunua gigabaiti elfu. Kwa mwendo huo gigabaiti 1.5 zachukua saa nne na dakika kumi. Kwa mwendo wa lile ghala la Kenya, kilobaiti 400 kwa sekunde, ni saa moja na dakika mbili hivi. Bando ni uzito wa mzigo. Ghala ni urefu wa safari. Watu wanavichanganya viwili hivi, hata mimi nilivichanganya.

Na uzito nao una dawa yake, ambayo naiona ni bora kuliko yote niliyotaja. Nilipofungua mashine zile 18 baada ya bando kukatika, niliona kwamba kila moja ilikuwa imehifadhi mafurushi iliyokwisha kuyapata, karibu robo tatu ya mzigo. Robo tatu ileile! Mashine ya dirishani ina robo tatu, na ya mlangoni ina robo tatu hiyohiyo, na zote 18 zililala macho usiku kucha kuyaleta mafurushi yaleyale kutoka Uingereza mara kumi na nane. Gigabaiti 20 zilitosha kuleta mzigo mzima mara 13, nasi hatukupata hata mmoja kamili. Kama kila mwanafunzi wa bwenini angepanda gari kwenda mjini kununua sabuni yake, tungesema wana wazimu. Tungemtuma mmoja.

Programu ya kumtuma mmoja ipo, jina lake apt-cacher-ng, nayo ni ya bure kama Ubuntu yenyewe. Huwekwa katika kompyuta moja, na nyingine zote huambiwa zipitie kwake. Mashine ya kwanza ikiomba furushi, kompyuta ile hulileta kutoka ghala tulilolichagua na kujiwekea nakala. Ya pili ikiomba lilelile hupewa nakala hapohapo chumbani, bila kugusa bando. Haituhitaji kuweka ghala zima, ambalo ni kubwa mno kwa diski yetu. Huweka yale tu yaliyoombwa. Waya za chumba chetu hupitisha megabiti 100 kwa sekunde. Megabiti nane ni megabaiti moja, kwa hiyo ni megabaiti 12.5, na gigabaiti 1.5 zaweza kupita kwa dakika mbili. Tuseme ziwe tano, kwa kuwa waya zetu ni za zamani na panya wamezionja. Saa moja kwa mashine ya kwanza, dakika tano kwa kila moja ya zile nyingine. Tena mafurushi yale niliyoyaleta kwa kosa yaweza kuingizwa katika ghala hilo dogo, yale ambayo hayajapitwa na wakati, ili yafae mwishoni kwa jambo fulani.

Toleo la 20.04 haliwezi kuruka moja kwa moja mpaka 24.04. Lazima lipitie 22.04 kwanza. Utunzaji wa kawaida wa 22.04 utakoma mwaka 2027, na wa 24.04 mwaka 2029. Kwa hiyo kazi ni ya hatua mbili. Kwa namna yangu ya Ijumaa ile, hatua mbili kwa mashine 18 zingekula gigabaiti 54. Kwa ghala dogo la shule, kwa kuwa mashine zote zina programu zilezile, ni kama gigabaiti 3.

Mwalimu wa kompyuta amekubali kusimama nami. Kompyuta ya kuwa ghala ipo. Ni ile ya pembeni ambayo kioo chake kimepasuka na hakuna anayependa kuikalia, lakini diski yake ni nzima. Bando la gigabaiti 5 chama chetu kitalinunua kwa fedha ya karanga tulizouza siku ya michezo. Tunachoomba kwa Bodi si fedha. Twaomba ufunguo wa chumba kwa Jumamosi mbili, tangu asubuhi hata magharibi. Nitaanza na mashine moja tu, na sitagusa ya pili mpaka ya kwanza imemaliza na kuwaka. Na yule mwalimu aliyepanda bodaboda katika mvua, kama atapenda, namwomba aje akae karibu na ruta siku hiyo, aangalie hesabu ya bando inavyokwenda. Akiona Jumamosi ya kwanza imepita gigabaiti 2, aichomoe ruta yeye mwenyewe, nami nitakwenda kuchukua fyekeo bila kuambiwa.